Visu vya kukunja vya Kifaransa, kwa anayekaa Amu (Lamu)

Ukitaka kukusanya visu hivi, usianze na kile kiitwacho Laguiole. Kila anayeviona visu vyangu pembeni mwa cherehani ninayoshonea mikoba ya tanga kuukuu huulizia hicho chenye mdudu mgongoni, nami humwambia atangulize Opinel namba 8, tena ya chuma kinachoshika kutu, si ya stenlesi. Bei yake si kali, wageni wengi wa mashua huko Shela wanayo mfukoni, na itakufunza matunzo kabla hujatia pesa nyingi kwenye kisu kingine.

Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, milimani mashariki mwa Ufaransa. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Mpini ni kipande kimoja cha mti kilichochanwa mfereji, hakina springi ndani, na pete ya shingoni inayozuia bapa lisikufungie vidole iliongezwa mwaka 1955. Sasa, mti ni mti. Masika ikiingia unafura, mfereji unabana, na kucha haitoshi kulitoa bapa. Usichukue koleo! Wenyewe Wasavoie hushika mpini na kugonga kitako chake mezani, bapa likachomoza kiasi cha kushikika. Likikataa, kiache kisu siku kadhaa mahali pakavu ndani ya nyumba, kisha sugua nta ya nyuki ndani ya mfereji.

Ukishazoea hapo, njoo kwenye Laguiole, na uje macho. Laguiole ni kijiji cha nyanda za Aubrac, kusini, nchi ya ng'ombe. Pierre-Jean Calmels ndiye anayetajwa kukitengeneza kisu hicho mwaka 1829. Baadaye kikaongezwa sindano nene ya kutobolea tumbo la ng'ombe aliyevimba kwa gesi, na mwaka 1880 kizibuo cha chupa za mvinyo, kwa ajili ya watu wa Aubrac waliokwenda kufanya kazi mikahawani Paris. Kizibuo mimi hakinihusu, lakini sindano hiyo natobolea turubai, na hakuna ya dukani inayoishinda.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi jina Laguiole lilikuwa la yeyote aliyetaka kulipiga chapa, na vingi vyenye jina hilo vimetoka Uchina na Pakistan. Hata vya Ufaransa vingi hutengenezwa Thiers, mji wa wahunzi wa visu tangu zamani, na hilo si kosa. Kwa hiyo mdudu asikudanganye. Tafuta jina la mtengenezaji, kisha kipeleke kisu kwenye mwanga kikiwa kimefunguliwa. Ukiona mwanga unapenya kati ya springi na mpini, kirudishe. Pitisha kidole gumba juu ya ribiti, vile vijimsumari vinavyobana mpini: fundi mzuri huzisawazisha mpaka kidole kisizihisi. Kifunge polepole, uone kama bapa linalala katikati au linakwaruza upande mmoja. Na usiliachie lijifunge lenyewe kwa kishindo, ingawa mlio wake ni mtamu, maana makali yanaweza kugonga springi na kupata pengo.

Cha tatu ningechukua Douk-Douk. Kampuni ya Cognet ya Thiers ilikitoa mwaka 1929 kwa soko la visiwa vya Pasifiki. Mpini wake ni bati lililokunjwa, na juu yake umechorwa mzimu wa huko visiwani. Kwa watu wa Afrika ya Kaskazini kikatolewa ndugu yake, El Baraka. Ni kisu chembamba, hakionekani mfukoni mwa kanzu. Nontron, cha Dordogne, chenye mpini wa manjano uliochorwa kwa moto, ni kizuri mno, lakini kisubiri mpaka mfuko ukuruhusu.

Adui yako Amu ni chumvi ya hewani. Visu visilale kwenye ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu ikaushikilia. Wala usivishonee mfuko wa tanga kuukuu, japo ndiyo kazi inayonilisha: tanga lina chumvi ya miaka katika nyuzi zake. Chukua marikani mpya, ifue, ianike, kisha shona mkunjo wenye vijumba, kila kisu na chake. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwenye bawaba, na kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya bapa. Ya nazi yaache jikoni, kwani hukaa yakachacha na kunata.

Ukikata ndimu au embe bichi, futa papo hapo. Bapa likigeuka rangi ya kijivu yenye buluu, liache, hiyo ni ngozi yake na wakusanyaji huipenda. Ikitokea nyekundu, hiyo ndiyo kutu, iondoe siku hiyo hiyo. Kunoa ni kwa jiwe la maji na mkono wako. Gurudumu la mnoa visu wa mtaani hutoa cheche, na palipopata moto chuma hulegea.

Kupata, vingi vyangu sikununua, nilibadilishana na mikoba. Mfaransa akikupa kisu, mpe sarafu hata ya shilingi moja. Kwao kisu cha bure hukata urafiki, na ukimpa bila kuambiwa atafurahi kuliko hata kwa mkoba. Anayekuletea kwa ndege ya Manda akiweke kwenye mzigo wa chini, si begi la mkononi.

Na ukiletewa cha kale chenye mpini mweupe, tazama kitako chake kwa lenzi. Mistari myembamba inayokatana kama wavu ni ya pembe ya ndovu. Kenya hilo ni jinai, kiwe na umri gani. Usikipokee hata kwa zawadi.