Ikifika Saa 7 Mchana, Fungua Leso

Kifunguamimba wangu alipotimiza miaka 6, nilialika watu kwetu South B, Nairobi. Susu yake, mama mkwe wangu, alitoka Machakos alfajiri, na mchana akaanzisha wimbo pale sebuleni, mtoto akacheza naye. Mimi nilikuwa jikoni nikisukuma upya chapati 5 ambazo hazikutoka duara. Nilisikia makofi, nilipotoka, wimbo ulikuwa umekwisha. Video ninayo. Simo, ila mti wa kusukumia chapati unasikika ukigonga meza.

Iliniuma sana. Sherehe iliyofuata niliipanga hivi.

Chagua chakula kimoja tu cha kukitolea jasho. Changu ni pilau, na kazi yake kubwa naimaliza usiku wa kuamkia sherehe. Vitunguu ndivyo vinavyomfunga mpishi jikoni, maana ukivipa kisogo kidogo vimeungua na pilau imekuwa chungu. Kwa hiyo navikaanga usiku, taratibu, hadi vikolee rangi ya kahawia. Nyama naichemsha usiku huohuo, supu nikaiweka kwenye friji. Asubuhi kinachobaki ni kuunga viungo na kupima: kikombe 1 cha mchele wa pishori wa Mwea, vikombe 2 vya supu. Chapati agiza kwa mama anayezipika pale mtaani. Najua wengi mtakataa hapa, nami nilikataa miaka mingi. Lakini wageni wangu hula huku wakiuliza habari za watoto, na hakuna aliyewahi kuuliza nani alisukuma.

Shangazi akisema, “Nikusaidie nini?” usimjibu, “Keti tu.” Mpe nyanya na kisu, kachumbari iwe yake, hata akikata vipande vikubwa.

Halafu tega simu ilie saa 7 kamili. Ikilia, fungua leso uliyojifunga kiunoni, itundike nyuma ya mlango, nawa uso, utoke. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu daima kutakuwa na kitu kimoja hakijakaa sawa. Kiache hivyohivyo. Simu mpe kijana wa jirani apige picha za watu, si za meza. Vyombo viloweke kwenye beseni hadi usiku.

Mwaka huu pilau ilishika chini. Susu alipoanza wimbo nilikuwa nimeketi kando yake. Binti yangu akanivuta mkono, akanikanyaga mguu tukicheza, na watoto wakaugombania ukoko sufuriani.