Tengeneza boksi la sauti ambalo kila anayepita atataka kuligusa

Moyo wa boksi hili ni kidude cha bei ndogo sana ambacho ukikibandika kwenye meza kinaisikia meza yenyewe. Maneno yanayopita hewani kinayasikia kwa mbali tu, ila mtetemo wa mbao kinaunyaka wote, ukikuna kwa kucha upande huu basi kwenye spika unasikia kama mkokoteni unapita kwenye kokoto. Kinaitwa piezo, ukifika kwa fundi redio sema unataka baza, ni ile sahani nyembamba ya rangi ya shaba yenye kiduara cheupe katikati, ndo inayolia pii pii kwenye saa za mezani na midoli ya watoto na kadi za besdei. Kwa kawaida baza inapewa umeme ndo inatetemeka, sisi tunaigeuza, inatetemeshwa afu inatoa umeme. Tabia hiyo ya fuwele kutoa umeme zikikandamizwa waligundua ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880.

Dar zipo Kariakoo, Nairobi nenda Luthuli, na kama huna hela kabisa fungua saa mbovu. Chukua ya milimita 27 na chukua tano hivi, kwa sababu mbili za kwanza unaweza kuziunguza, mi niliunguza tatu.

Vitu vingine: waya wa maiki wenye nyavu ndani (ule wa kawaida wa spika unaleta mvumo), jeki ya milimita 6.3 ya mono (ile nene ya gitaa), solda, tepu nyeusi, foili ya jikoni, gundi, na boksi. Boksi bora ni la mbao nyembamba, plaiwudi ya milimita 4 inaimba vizuri kuliko nene, lakini hata kopo kubwa la maziwa ya unga linafaa na lina sauti yake ya bati ambayo mi naipenda sana.

Kusolda ndo penye kazi. Waya wa katikati unaenda kwenye kile kiduara cheupe, nyavu inaenda kwenye shaba ya pembeni. Shaba inavumilia moto lakini ile sehemu nyeupe ina ngozi nyembamba ya fedha juu ya kauri, ukikaa nayo zaidi ya sekunde mbili inabanduka na baza imekufa, kwa hiyo weka solda kwenye waya kwanza, weka tone dogo kwenye kiduara, afu gusanisha mara moja na uondoe mkono. Kama baza imekuja na waya zake mbili usihangaike, unga palepale, nyekundu na waya wa katikati, nyeusi na nyavu. Ukimaliza zungushia tepu yote, juu ya tepu weka foili, foili iguse nyavu na isiguse kabisa waya wa katikati, afu tepu tena. Watu wengi wanaruka hiyo foili halafu wanalalamika mmmmm kwenye spika.

Sasa unachomeka wapi? Sabufa nyingi za nyumbani zina tundu la maiki la karaoke, chomeka hapo uanze leo leo. Utasikia sauti imekonda, besi hakuna, na kuna sababu yake. Piezo ni kama kapasita (kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme) ndogo ya nanofaradi 20 hivi, sasa tundu likiwa na ukinzani mdogo, tuseme kiloomu 10, kila kitu chini ya hezi 800 kinaanza kupotea, yani uzito wote wa sauti. Ampu ya gitaa ina megaomu 1, pale besi inapita mpaka chini kabisa. Kwa hiyo azima ampu ya gitaa kanisani au kwa bendi ya mtaani, au mwambie fundi akutengenezee priampu ndogo (ya kukuza sauti kabla haijafika kwenye ampu) ya transista moja aina ya FET inayotumia betri ya volti 9. Anza na voliumu chini, maana kidude kikianguka sakafuni huku spika iko juu mlio wake unaweza kuichana koni.

Haya, boksi. Bandika piezo kwa ndani chini ya kifuniko, ikamate mbao vizuri, gundi ikilegea sauti inalegea. Juu ya kifuniko weka vitu vya kuguswa: kitana cha plastiki, springi ya kalamu iliyovutwa kati ya misumari miwili, utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha msasa, kibati chenye matundu. Springi usiache kuweka, ukiigusa kidogo tu inatoa radi.

Cha kuweka kwa heshima ni spoku za baiskeli, kama funguo za marimba ya vidole. Zigongee bapa kwenye ncha, zibane chini ya ubao mdogo kwa boliti mbili, chini yake pitisha msumari wa kuziinua. Kila spoku sasa ni ulimi: mrefu unalia chini, mfupi unalia juu, na haiendi sawasawa: ukikata nusu ya urefu sauti inapanda okteva mbili, kwa hiyo wa sentimita 10 ukitaka upande okteva moja uache sentimita 7 hivi. Usikate, sukuma tu mbele na nyuma mpaka sikio likubali halafu kaza boliti.

Hapa nina ombi moja: mkwaruzo usiuondoe. Wagogo wa Dodoma wanavalisha vipete vya bati kwenye funguo za ilimba, marimba yao ya vidole, makusudi ili ziwe na zile zzzz, msikilize marehemu mzee Hukwe Zawose utaelewa. Kinshasa nako Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono No. 1 aliona likembe, marimba ya vidole ya Kongo, inamezwa na kelele za mji, akaunda maiki zake mwenyewe kwa sumaku za magari mabovu, sauti ikatoka imechanika na wakaiacha hivyo hivyo, ndo ikawa utambulisho wao. Kwa hiyo valisha spoku zako vipete vya bati la kopo, viwe vimelegea.

Kuhusu watu kugusa. Nililiweka boksi langu kwenye korido ya shule moja, mwanzo niliandika karatasi ya maelekezo, gonga hapa, vuta hapa, na watu walisoma wakapita. Nikaitoa karatasi, nikaacha spika iko wazi na mchele kidogo umemwagwa juu ya kifuniko. Mtoto mmoja akaweka kidole tu kwenye mchele, spika ikasema kshhh, akarudisha mkono haraka, akaniangalia, akarudia, na baada ya dakika tano walikuwa saba na kila mmoja kashika kona yake, mmoja kaweka sikio kabisa kwenye mbao. Kwa hiyo weka boksi kwenye urefu wa kiuno cha mtoto, spika iwe mita mbili au zaidi mbele yake isije ikaanza kupiga mluzi, waya upite chini ya zulia au ubandikwe sakafuni, na kitu chochote kinachoguswa na watu kitumie betri, umeme wa ukutani usikaribie boksi.

Springi zitakatika siku ya kwanza, beba za akiba kumi, na tyubu ya gundi iwe mfukoni.