Kusoma viashiria vya tishu kwenye saratani ya titi ya adenoidi sistiki

Ripoti ikisoma ER hasi, PR hasi (vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni), HER2 hasi (protini inayochochea seli kukua), daktari wodini huanza kuwaza dawa kali za mishipani kabla hajatazama mstari wa juu wenye jina la uvimbe. Kwa saratani ya adenoidi sistiki, mstari huo ndio wenye kauli. Aina hii haifiki 1% ya saratani za titi, karibu kila mara ni hasi tatu, yaani viashiria hivyo vyote vitatu ni hasi, na bado zaidi ya 90% ya wagonjwa wa sura yake ya kawaida huwa hai miaka 10 baadaye. Hivi ndivyo ninavyoipitia, tangu chupa ifike maabara.

Hatua ya 1: Kagua chupa

Kinyama kiingie kwenye formalini ya 10% yenye bafa ndani ya saa 1 tangu kikatwe, kikae humo saa 6 hadi 72. Ujazo wa formalini uwe angalau mara 10 ya kinyama chenyewe. Uvimbe mzima uliosokomezwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba hushika dawa pembeni tu, katikati unaoza. ER ikitoka hasi kwenye nyama kama hiyo, jibu halina maana. Uvimbe mkubwa uchanjwe kabla ya kutumbukizwa. Nafasi ya saa kwenye fomu mara nyingi huja tupu. Piga simu uulize, usijaze kwa kukisia.

Hatua ya 2: Anza na rangi ya kawaida

Kabla ya kuagiza kingamwili yoyote (rangi maalumu inayonasa protini moja ya seli), kaa na slaidi ya hematoksilini na eosini. Utaona visiwa vya seli vyenye matundu kama chujio la chai. Matundu hayo ni ya namna mbili, na hapa ndipo penye kazi. Makubwa ni bandia: yamejaa ute wa buluu-kijivu au vifundo vya waridi, na yamezungukwa na seli ndogo nyeusi zenye sitoplazimu haba. Madogo ni tezi za kweli, seli zake zina sitoplazimu ya waridi. Ukiona namna moja tu ya seli, rudi nyuma ufikirie upya.

Hatua ya 3: Agiza rangi chache zenye kazi

CD117 na p63 ni rangi za kingamwili. CD117 hushika seli za tezi za kweli. P63 hushika zile nyeusi za pembeni. Zikigawana kisiwa kimoja hivyo, umeshakaribia. Kwenye ER, tafuta kwanza mirija ya kawaida ya titi kwenye slaidi hiyohiyo. Nayo ikiwa haijashika rangi, rudia kipimo. Uvimbe huhesabiwa chanya kuanzia 1% ya viini.

Hatua ya 4: Ondoa wanaofanana nayo

Saratani ya kribriformu nayo ina matundu, lakini ER yake huwaka kwa nguvu na haina seli za p63 ndani ya visiwa. Sferulosisi ya kolajeni si saratani kabisa. Seli zake za pembeni hushika vizuri rangi za kalponini na miosini ya misuli laini, protini za seli zinazojikunja, na CD117 kwa kawaida haiwaki. Kuichanganya na saratani ni kumkata mtu titi bure. Uliza pia kama mgonjwa amewahi kuwa na uvimbe wa tezi za mate, maana huko adenoidi sistiki ni ya kawaida zaidi na ina tabia mbaya zaidi.

Hatua ya 5: Pima upande mgumu

Mwelekeo wa ugonjwa unabadilika pale visiwa vinapojaa bila matundu, viini vikawa vikubwa na seli zinazogawanyika zikawa nyingi. Hiyo ni sura ya solidi-basaloidi. Hurudi zaidi na hufika kwenye mitoki ya kwapa mara nyingi kuliko ile ya kawaida. Chukua vipande vingi vya uvimbe, kwa sababu sindano moja inaweza kuipita. Muungano wa jeni MYB na NFIB, au rangi ya MYB kwenye viini, husaidia kuthibitisha jina, hasa matundu yakiwa haba. Hautoshi kukuambia mgonjwa ataendeleaje.

Hatua ya 6: Andika maoni

Usiache "hasi tatu" ikae peke yake. Mimi huandika hivi: "Saratani ya adenoidi sistiki, sura ya kawaida, kingo hazina uvimbe. Hali ya hasi tatu ni ya kawaida kwa aina hii na haimaanishi ukali uleule wa hasi tatu nyingine. Uamuzi wa kemo ujadiliwe na jopo." Taja kwa milimita umbali wa uvimbe hadi kingo, yaani ukingo wa nyama iliyokatwa, kwani upasuaji ulioacha kingo safi ndio msingi wa tiba hapa.

Kisha tunza bloku ya nta iliyoshika kinyama, namba isomeke. Ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miaka mingi, mara nyingi mapafuni bila kupitia kwapani, na kinyama cha pafu kitahitaji slaidi ya titi ya kulinganishwa nayo.