Mgonjwa wako yuko Marekani na dawa za kawaida zimeshindwa? Anzia hapa

Kama mnataka dawa ambayo bado iko kwenye majaribio na haijaidhinishwa, usikimbilie mwanasheria. Anza na daktari wake, maana asipokubali kusimamia matibabu hakuna njia hata moja itakayofunguka. Muulize kama kuna jaribio la dawa ambalo mgonjwa anaweza kuingizwa, na nyie pia tafuteni kwenye clinicaltrials.gov.

Ikishindikana, ndo mnaenda njia ya mgonjwa mmoja ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inayoruhusu mtu mmoja apewe dawa nje ya jaribio. Daktari anajaza fomu 3926, ni fupi tu, anapata kibali cha bodi ya maadili ya utafiti, alafu anaambatanisha barua ya kampuni yenye dawa kwamba imekubali kuitoa, na hapo kwenye barua ndo watu wengi wanakwama, kwa sababu FDA wanakubali karibu maombi yote lakini kampuni hakuna sheria ya kuilazimisha itoe dawa. Kwahiyo nguvu zenu pelekeni kwa kampuni. Tangu sheria ya 2016 inatakiwa itangaze utaratibu wake wa kupokea maombi kama haya na pa kuwasiliana nao. Kama ni dharura daktari anapiga simu FDA, wakiruhusu matibabu yanaanza, fomu inafuata ndani ya siku 15 za kazi.

Kuna pia sheria ya haki ya kujaribu ya 2018, hii haihitaji ruhusa ya FDA, ila dawa lazima iwe imemaliza awamu ya kwanza ya majaribio, ile ya kupima usalama kwa watu wachache. Sasa tiba iliyotengenezwa kwa jeni za mtu mmoja itaimalizaje awamu hiyo wakati mgonjwa wake ni huyo huyo mmoja? Ndo maana Arizona mwaka 2022 wakapitisha sheria ya tiba zinazotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, wa kwanza kabisa, na majimbo mengine yakafuata, kwahiyo angalieni jimbo lenu linasemaje.

Mimi bado ningeanza na FDA, maana sheria ya jimbo haifuti ya taifa. Mtoto mchanga mmoja wa Philadelphia aliyetibiwa 2025 kwa tiba ya kurekebisha jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake tu alipitia FDA, na ombi lilijibiwa ndani ya wiki moja hivi.

Kabla ya kusaini ridhaa ulizeni nani analipa nini, bima hailazimishwi kulipia dawa ya majaribio. Na jamani someni fomu yote, sheria za majimbo kadhaa zinaruhusu mgonjwa kuondolewa kwenye huduma ya hospisi, yaani ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, akianza dawa ya majaribio, ni bora mlijue mapema kabla muuguzi wa nyumbani hajaacha kuja.