Kabla ya Kuvuka Kwenda Mfangano Wakati wa Vuli

Watu wengi wa huku Kisumu wanaokwenda Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria, huenda Agosti shule zikifungwa, au Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Mimi huenda Oktoba. Vuli imeanza kunyesha, mlima Kwitutu umevaa kijani, mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanapita chini chini juu ya maji, na mwenyeji ana muda wa kukaa nawe mpaka chai ipoe kikombeni. Ninaipenda safari hiyo kuliko zote ninazofanya kwa mwaka, na kwa sababu ninaipenda ningetaka uende umejiandaa.

Anza kupanga na kurudi. Kufika ni kazi nyepesi: kutoka Kisumu utapitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, au utapitia Bondo hadi Luanda Kotieno na kuvuka Ghuba ya Winam kwa feri. Mbita ndiko boti za Sena, ufuo wa kutulia Mfangano, zinakoondokea, nyingine zikipitia kisiwa cha Takawiri. Siku za likizo boti hujaa upesi na kufuatana. Wakati wa vuli boti moja inaweza kungoja abiria nusu siku, na mvua ikija inalala palepale. Kwa hiyo weka siku moja ya akiba mwishoni. Ukiwa na jambo la Jumatatu, uwe umerudi bara Jumamosi.

Hilo nililijua kwa uchungu. Mwaka mmoja nilijipangia kuvuka Jumapili alasiri, kwa maana Jumatatu asubuhi wazee walikuwa wanaketi Bondo kwa mahari ya mdogo wangu. Saa tisa nikawa nimesimama Sena na mkoba mgongoni, wingu jeusi limeziba upande wote wa kisiwa cha Rusinga. Nahodha alitazama, akafunga kamba tena, akasema, "Leo ziwa limekataa." Alikuwa na haki. Lakini kikao kilifanyika bila mimi, na mdogo wangu alinihitaji pale.

Tangu hapo nimejifunza saa za ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, basi upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Pepo za pande zote zikikutana huko katikati, hewa hupaa na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo hugeuka. Nchi hupata joto, upepo wa ziwa huingia bara, mawimbi huanza kuinuka, na alasiri radi hurindima Kisumu, Kisii na Kericho. Kati ya vipindi hivi viwili kuna mwanya, mara nyingi kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita. Vuka wakati huo, kwenda na kurudi. Alfajiri ukiona umeme unamulika upande wa ziwa kuu, usimsihi mtu akupeleke eti una haraka. Tazama pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya siku mbili kabla, kisha asubuhi yenyewe waulize wavuvi waliotoka kutua. Wao wamelala na ziwa.

Ukifika kwenye boti, tazama mambo mawili kabla ya kutoa nauli: majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, na boti imezama kiasi gani majini. Jaketi lililofungwa kwenye fungu chini ya magunia ya unga halitakusaidia. Liombe, livae, funga kamba zote, na mtoto apate la kimo chake. Wengine hulikalia kama mto. Wewe livae hata ukiwa peke yako. Kuhusu mzigo sina maneno laini. Tarehe 20 Septemba 2018, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ufuo ulikuwa unaonekana. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shuka, ulale Mbita.

Mizigo italowa, kwa mvua au kwa mawimbi. Mifuko ya nailoni ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi usitegemee kuipata ufuoni. Mimi hutumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana: nguo kavu, dawa, simu na betri ya akiba vyote humo, na kisiwani ndoo hugeuka ya kuogea. Ongeza koti la mvua, tochi, na viatu vyenye meno. Stima hupotea mvua ikipiga, na mtandao nao hufuata, kwa hiyo beba pesa taslimu za nauli ya kurudi na malazi ya usiku mmoja zaidi, noti ndogo ndogo. Hizo usiziguse.

Nyumba za wageni nyingine hufunga jiko miezi ya wageni wachache. Piga simu kabla, uthibitishe tena siku ya kuondoka, na chakula cha jioni ukiagize asubuhi. Kama unataka omena wabichi, wale dagaa wa ziwani, tazama mwezi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Ukifika siku za mwezi mwandamo utaona, mvua ikitulia, taa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Samaki wakubwa, ngege na mbuta, hawangoji giza, kwa hiyo njaa haitakuua.

Kuhusu afya, nakuomba usisome haraka. Kanda ya ziwa ina malaria zaidi ya sehemu nyingine za Kenya, na maji ya mvua yaliyotuama huzalisha mbu. Uliza kama chumba kina neti, au beba yako. Ndugu zetu wa Nakuru na Eldoret, ambao miili yao haijazoea, waonane na daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga. Halafu kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa pale ambapo maji yanavutia kuogelea, na huingia mwilini kupitia ngozi. Panda boti ukitumia gati au ubao panapowezekana. Ukilazimika kuingia majini, jifute mara moja utokapo. Maji ya kunywa yachemshwe, maana mvua huosha kila kitu hadi ziwani.

Gugumaji halina ratiba. Upepo huweza kulisukuma usiku kucha, na asubuhi ufuo uliokuwa wazi ukawa shamba la kijani ambalo boti hailipenyi. Ni sababu nyingine ya ile siku ya akiba.

Unachokwenda kuona nacho kinahitaji simu. Jumba la makumbusho la Abasuba, wenyeji wa kisiwa, kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule Rusinga na michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga vyote vina watu wanaovitunza, na Oktoba mwenye funguo anaweza kuwa shambani akipalilia. Wajulishe siku moja mbele. Kwa Kwitone tafuta kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri, kwa kuwa mawe huteleza. Michoro ile myekundu na myeupe, duara ndani ya duara, husemwa ni ya Watwa waliokaa huko kabla ya Abasuba, na wazee waliihusisha na kuomba mvua. Usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Mara ya kwanza nilisimama pale huku vuli ikinyesha nje ya mwamba, sikuwa na neno la kusema. Ukikutana na mzee njiani msalimie kabla ya kuuliza lolote: kwa Kijaluo, oyawore asubuhi, oimore jioni. Wengi wa Abasuba leo huzungumza Kijaluo, na ukijua salamu moja ya Olusuba, lugha yao ya asili, watafurahi zaidi.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la ufuo utakaoondokea, siku ya kurudi, na siku ya akiba. Umwambie wazi: nisipoonekana siku ya kwanza, ni mvua, nisipoonekana ya pili, piga simu Sena. Ukirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu kapime malaria siku hiyo hiyo. Na kama miguu yako iligusa maji ya ufuoni, baada ya miezi miwili nenda ukapime kichocho hata kama hujisikii vibaya. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, na zahanati watakupimia uzito kwanza.