Jinsi ya kuandika mhusika asiye na huruma lakini hawezi vunja sheria zake

Mimi naandika skripti za drama za redio hapa Nairobi na siku hizi vijana wananiletea sana huyu mhusika ambaye haguswi na machozi ya mtu, lakini ana sheria zake na hawezi zivunja hata umfanye nini. Nampenda sana. Shida ni wengi wanamwandika kama jambazi wa kawaida mwenye uso wa baridi na hapo hadithi inakufa. Wacha tujenge mmoja pamoja, keateka wa ploti ya ghorofa saba huko Pipeline, tumwite Mutua.

Hatua ya 1: amua ni nini hasa hana
Kujua mwenzako anasikia nini moyoni ni kitu kimoja, na wewe kukisikia pamoja naye ni kitu ingine. Mutua anajua vizuri sana mpangaji wa 4C analia juu ameogopa, ila ndani yake hakuna kitu kinatikisika. Ukimnyima zote mbili unapata mtu asiyesoma watu kabisa, na huyo ana hadithi yake tofauti. Halafu tafadhali usimrundikie kila ubaya. Ile orodha ya Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, ya kupima usaikopathi iko na vipengele 20 na kukosa huruma ni kimoja tu hapo, kuna pia uongo wa kupindukia, kukurupuka, kutowajibika. Mutua hadanganyi, hakurupuki, na anawajibika kuliko landilodi mwenyewe, kwa hio hilo jina la saikopathi usilitumie kwa skripti yako.

Hatua ya 2: andika sheria zake
Ziwe za vitu vya kushikika. "Kuwa mtu mzuri" hiyo si sheria. Za Mutua ni hizi: hapokei shilingi bila kuandika risiti, hafungi nyumba kama mtoto yuko ndani, hafungi kabla ya tarehe 10 saa sita mchana, na akishaweka kufuli hatoi mpaka deni liishe hata uwe ndugu yake. Nne zinatosha. Hakikisha kila moja inaweza kumkinga mtu na pia kumuumiza mtu, manake sheria inayoleta mema tu haikupi hadithi yoyote.

Hatua ya 3: sheria zitoke mahali
Moyo wake haukumpa, basi nani alimpa? Dexter Morgan, yule wa riwaya ya Jeff Lindsay ya 2004 iliyoingia kwa runinga 2006, alipewa zake na Harry, polisi wa Miami aliyemlea, ambaye aliona kijana ana kiu ya kuua akamfundisha aue wauaji tu. Mutua wetu alilelewa na nyanya yake Machakos, akiuza maembe sokoni, na nyanya aliona huyu mtoto hata mazishini haguswi, akamwambia, "Mutua, kama moyo haukwambii kitu, basi hesabu itakuwa inakwambia." Mistari miwili ya hiyo historia inatosha, usitufungulie episodi nzima ya utotoni.

Hatua ya 4: gonganisha sheria na huruma
Hapa ndio kazi yote iko, tumia muda wako hapa. Tarehe 10, saa sita na nusu, Mama Brayo wa 4C amesimama mlangoni na nusu ya kodi.

"Mutua ndugu yangu, Brayo amelazwa, nivumilie tu huu mwezi."
"Pole, Mama Brayo. Imebaki 3,500."
"Kwani wewe hukuzaliwa na mama?"
"Nilizaliwa. Brayo angekuwa ndani singefunga. Leo hayuko."

Umeona venye ile sheria ya kulinda mtoto ndio imefunga mlango juu mtoto ako hospitali? Na hiyo pole anaisema kwa sababu ndio husemwa. Anamwandikia risiti ya ile nusu, anaweka kufuli. Jioni landilodi anakuja, anataka Mama Brayo aongezewe 500 ya faini isiyo na risiti, na Mutua anakataa, anafutwa kazi papo hapo. Msimulizi asiingilie kati kutuambia ati ndani Mutua alikuwa anaumia. Haumii. Wacha msikilizaji ndiye aumie.

Hatua ya 5: sauti
Sentensi fupi, bei, saa, namba za nyumba. Basi.

Hatua ya 6: usimlize mwishoni
Javert, yule inspekta wa riwaya ya Victor Hugo ya 1862, Les Misérables, anaokolewa maisha na mfungwa ambaye yeye Javert amekuwa akimwinda miaka mingi, naye Javert anamwachilia huyo mfungwa, halafu anashindwa kupatanisha hilo jambo na sheria anayoiabudu mpaka anajitupa mto Seine. Kilichovunjika pale ni sheria yake. Wewe pia chagua: sheria ishikilie mpaka imgharimu kila kitu, ama ipasuke na yeye apasuke nayo.

Ukimaliza mpe mtu asome lile onyesho la mlangoni na la jioni, bila kumweleza chochote. Akikwambia tu "huyu jamaa ni mbaya", rudi hatua ya 2, manake sheria zako bado hazijamkinga mtu. Akianza kubishana na mwenye ameketi kando yake, peleka skripti kwa prodyusa.