Jinsi ya kujua kama semina yako imemfundisha mwanafunzi kitu

Niko ofisi ya mshauri wa wanafunzi, chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa muda mrefu ripoti zangu zilikuwa na vitu vitatu: picha ya ukumbi uliojaa, idadi ya waliohudhuria, na idadi ya waliotia tiki kwenye "nimeridhika". Kisha siku moja kikaoni mhadhiri wa takwimu akaniuliza, "Mama, hao vijana wametoka na nini?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: walivyoyapokea, walichojifunza, wanachofanya baadaye, na kilichobadilika kwa sababu hiyo. Ofisi zetu nyingi huishia ngazi ya kwanza. Hapa naeleza namna ya kupanda hadi ya tatu kwa karatasi, kalamu na watu wawili. Mfano wangu ni semina ya matumizi ya fedha kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu bumu, yaani fedha ya kujikimu wanayopewa wanafunzi, likiisha kabla ya wakati, wanakuja mlangoni kwangu na njaa.

Anza na sentensi moja: mwanafunzi ataweza kufanya nini akitoka hapa? Epuka "kufahamu", "kuelewa" na "kuhamasika", maana huwezi kuviona. Sentensi yangu ilisomeka hivi: "Mwanafunzi ataweza kugawa fedha ya kujikimu ya siku 60 na kueleza kwa nini amekata alichokata." Kugawa kunaonekana, kueleza kunasikika. Sentensi ikikushinda, semina yenyewe bado haijaiva, usiitishe ukumbi.

Usimuulize mwanafunzi kama anajua. Nilijaribu: kabla ya semina waliojipa tano kwa tano walikuwa wengi, na baada yake wengi walishuka hadi tatu. Ukitazama haraka utadhani tumewaharibu. Kumbe ndiyo kwanza wameona ukubwa wa jambo lenyewe. Mpe kazi aifanye mbele yako. Mimi huwapa karatasi tupu na dakika kumi na tano za mwisho: "Umepata laki sita. Zikufikishe siku 60. Andika." Hakuna jina wala namba ya usajili. Juu ya karatasi anaweka herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake na tarehe aliyozaliwa, mfano ZA14. Kwa alama hiyo nitaioanisha karatasi ya leo na ya baadaye bila kujua ni ya nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, kijana hawezi kuandika ukweli kuhusu pesa yake akijua mlezi wa hosteli atamtambua. Na yale ya chumba cha ushauri nasaha yabaki humo humo. Hayaingii kwenye tathmini ya aina yoyote.

Huna haja ya kusoma karatasi zote. Zikiwa 400, changanya, kisha chukua kila ya kumi. Utabaki na 40, kazi ya mchana mmoja. Kabla ya kusoma, andika vigezo: sifuri kwa asiye na mpango, moja kwa aliyeorodhesha bila jumla, mbili kwa ambaye jumla yake inafika laki sita, tatu kwa aliyegawa kwa siku au wiki na kutenga dharura. Wewe na mwenzako someni karatasi kumi zile zile, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, tatizo liko kwenye vigezo.

Hapo ndipo nilipokutana na karatasi ambayo sijaisahau. Mstari wa kwanza: "Mama 150,000." Chini yake: "450,000 ÷ 60 = 7,500." Kisha asubuhi 1,000, mchana 2,500, usiku 2,000, na 2,000 zilizobaki "bando, fotokopi, sabuni". Hesabu ilikuwa safi kuliko zote nilizosoma siku ile. Lakini neno dharura halikuwepo, kwa hiyo kwa vigezo vyangu alistahili mbili. Mwenzangu alimpa tatu, tukabishana karibu nusu saa.

Sikumtafuta mwenye karatasi, maana nilikuwa nimeahidi. Nilienda jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanapokaa wanafunzi, nikakaa na wanafunzi sita hivi, nikauliza kwa ujumla wanaotuma nyumbani hufanyaje wakikwama. Binti mmoja akanijibu, "Madam, nikikwama nyumbani wananirudishia kidogo. Ile niliyotuma ndiyo dharura yangu." Mimi nilikuwa nimeandika vigezo vya mtu anayeishi peke yake na mkoba wake. Tukabadilisha: badala ya "ametenga dharura" tukaweka "ameonyesha atafanya nini fedha ikikata kabla ya siku". Karatasi zote 40 tukazisoma upya. Kwa hiyo usiandike vigezo ofisini tu. Wape waelimishaji rika na viongozi wa serikali ya wanafunzi wavisome kwanza, watakuonyesha ulipopofuka.

Ngazi ya tatu ni kurudi. Wiki ya nane, wakati bumu linakaribia kwisha, wape tena karatasi yenye maswali mawili: "Leo una shilingi ngapi?" na "Ni kitu gani ulichopanga ukashindwa kukifuata?" Waandike alama ile ile. Wengi hawatarudi, na hilo liseme kwenye ripoti, kwa kuwa waliorudi huenda ndio wenye hali nzuri. Jibu la pili ndilo lenye thamani. Kwetu lilijirudia jambo moja: semina ilifanyika wiki ya mapokezi, bumu likaja siku nyingi baadaye, na hapo kati walikopa kwa wenzao na kwa mama ntilie. Fedha ilipoingia, sehemu yake ilikuwa imeshaliwa. Hakuna aliyekuwa ameliweka deni kwenye mpango, kwa sababu sisi wenyewe hatukulitaja.

Ripoti yangu siku hizi ni ukurasa mmoja: sentensi ile ya mwanzo, jedwali la karatasi 40, maneno matatu au manne ya wanafunzi wenyewe, na tulichobadilisha. Nakala moja naibandika ubao wa matangazo wa hosteli ili walioandika waone zilikofika karatasi zao. Mwaka huu semina imesogezwa hadi wiki ambayo bumu linaingia, na swali la kwanza kwenye karatasi ni: "Unadaiwa na nani, kiasi gani?"